Waya Uliobaki na Moto

Mhoja alikufa mchana, dukani kwa Ndassa, akiwa amesimama juu ya meza anabadilisha holda ya taa. Holda ilikuwa imelegea, taa ikawa inawaka na kuzimika yenyewe, ndipo Ndassa alipomwita. Kabla ya kupanda mezani Mhoja alizima swichi iliyo ukutani karibu na mlango. Taa ikazimika. Ndassa aliliona hilo kwa macho yake, na wanawake waliokuwa wakisubiri kupimiwa chumvi waliliona pia. Akafungua globu, akashika bomba la chuma la paa kwa mkono mmoja, na wa pili akauingiza kwenye holda. Alitoa sauti kama mtu anayekohoa, akaanguka. Walipomfikisha zahanati, mganga alimfunika tu.

Familia ya Mhoja ilitoka Shinyanga miaka mingi nyuma na ng'ombe, ikitafuta malisho, ikahamia upande huu wa Biharamulo. Nyanda, mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyechunga ng'ombe. Mhoja alijifunza umeme kwa kumfuata fundi mmoja aliyekuwa akipita vijijini. Yuster, mdogo wao wa kike, wa mwisho kuzaliwa, Mhoja ndiye aliyempeleka chuo kidogo cha ufundi huko Ngara, upande wa Bukiriro, akamwambia, "Mimi nimejifunza kwa kuangalia mikono ya mtu. Wewe ukajifunze kwa kuelewa."

Yuster alifika msibani akiwa bado amevaa sare ya karakana. Alimkuta kaka yake amelazwa ndani, na Rozina, mke wa marehemu, amekaa kwenye mkeka na kanga begani, halii tena. Nje, chini ya turubai, sentensi moja ilikuwa ikizunguka kutoka mdomo mmoja hadi mwingine: taa ilikuwa imezimwa.

Shangazi yao Secilia ndiye aliyeimalizia sentensi hiyo. Walikuwa wameketi wanawake wengi, wanamenya viazi.

"Umeme uliozimwa hauui mtu," alisema taratibu. "Kama umeua, kuna aliyeuwasha. Na hakuwa ndani ya duka."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Wote walijua.

Ng'ambo ya bonde aliishi mama mzee mmoja, Ernesta, mjane, mwenyeji wa pale tangu kabla Wasukuma hawajafika. Wiki chache kabla ya msiba, ng'ombe wa akina Nyanda waliingia kwenye mihogo yake wakailaza yote. Mhoja alikutana naye njiani wakagombana, na mbele ya watu yule mama alisema, "Mungu atakulipa, Mhoja." Halafu akaondoka na jembe lake. Ni hayo tu. Lakini baada ya mazishi maneno yale yalianza kurudiwa na watu ambao hawakuwepo, na kila aliyeyarudia aliongeza lake.

Nzengo, yaani baraza la watu wa kitongoji, lilikaa. Nyanda alikuwa mmoja wa wakubwa wake. Waliamua kwamba Ernesta asiamkiwe, asichote maji kisimani pamoja na wengine, na baada ya siku ya kunyoa, matanga yakiisha, ahame. Yuster alikulia kwenye habari za namna hiyo. Alijua kuwa mama mzee akiambiwa ahame halafu akachelewa, wapo watu wa kumfuata usiku na mapanga.

Alimwendea Ndassa dukani, akamwomba aone zile waya.

"Hazipo, mdogo wangu," Ndassa alisema. "Nilileta fundi mwingine kesho yake, akatoa zote akaweka mpya. Ningekaaje na ule waya juu ya kichwa changu?"

Yuster aliangalia juu. Waya zilikuwa nyeupe, mpya, zimepigiwa misumari vizuri. Kilichomuua kaka yake kilikuwa kimeshachomwa pamoja na takataka.

Aliporudi chuoni alimtafuta mwalimu wake wa umeme, Mwalimu Minani, Mhangaza wa Mabawe, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimkuta karakana, anapanga koleo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Pole sana, Yuster. Kaa kwanza."

Hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama: swichi, taa, bomba la paa, mihogo. Alipomaliza akauliza, "Ulituambia darasani kwamba swichi ikifungwa kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, badala ya waya wa moto unaouleta, taa inazimika lakini umeme unabaki kwenye holda. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Umewahi kuona?"

"Nimewahi. Mlinzi wa shule moja, kule karibu na Lukole. Huyo alipona."

"Mimi sijaona. Nimeandika tu kwenye daftari. Nikienda kuwaambia nyumbani, nitakuwa mtoto anayesoma daftari mbele ya wazee."

Mwalimu Minani alizungusha koleo mkononi. Chuo kile kilikuwa na ubao wa chaki na mita iliyokuwa ikipokezanwa na wanafunzi wote. Kwa muda mrefu alikuwa akitaka kutengeneza ubao wa mazoezi, wenye taa na swichi na soketi za kweli na hitilafu zilizofichwa nyuma, ili mwanafunzi akutane na hatari akiwa na kifaa mkononi kabla hajakutana nayo darini kwa mtu. Alikuwa akiahirisha kila muhula.

"Basi tuutengeneze," alisema. "Wewe uufunge. Mimi nitasimama nyuma yako."

Walichukua karatasi ya plaiwudi iliyobaki kwenye ukarabati wa dari ya bweni, wakaikata, wakaitia fremu ya mninga na miguu ya kusimamia. Yuster alichora kwa penseli mahali pa kila kitu. Juu kushoto breka, na karibu yake kifaa cha kinga kinachokata umeme haraka ukimpitia mtu. Mwalimu alikataa kabisa kazi iendelee bila hicho. Chini yake swichi, holda za taa, soketi. Upande wa mbele kila kitu kilionekana sawa na ukuta wa nyumba yoyote. Upande wa nyuma ndiko kulikokuwa na kazi. Hapa waya umekatwa ndani ya paipu bila kuonekana. Hapa soketi imegeuzwa, moto upande wa nyutro. Hapa waya wa ardhini haujafika popote. Kila hitilafu Yuster aliifunga mwenyewe, akaikagua kwa mita breka ikiwa imezimwa, kisha akafunika kwa kibao.

Taa ya mwisho, ya kulia, aliiacha hadi siku ya mwisho. Hiyo ndiyo aliyoifunga kama alivyodhani taa ya duka la Ndassa ilivyofungwa. Alipeleka waya wa moto moja kwa moja kwenye holda, na ule wa nyutro akaupitisha kwenye swichi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufunga kwa makusudi kitu kinachoua.

Mwalimu Minani akawasha breka. Yuster akabonyeza swichi, taa ikawaka. Akaibonyeza tena, ikazimika. Kwa mtu anayeangalia, mambo yalikuwa yamekwisha: taa imezimika, kazi ianze. Akachukua testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, akaweka kidole nyuma yake na ncha akaipeleka kwenye skrubu ya holda.

Kitaa cha testa kikawaka chekundu.

Alikitazama kwa muda mrefu. Aliiondoa testa, akairudisha, kikawaka tena. Ndipo alipokaa chini kwenye sakafu ya karakana, mgongo ukiwa kwenye mguu wa meza, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mwalimu hakumwambia anyamaze. Alizima breka, akafunga mlango wa karakana ili wanafunzi wengine wasiingie, akangoja.

Alipoweza kusema, Yuster alisema, "Alikuwa na testa, mwalimu. Ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Walinipa pamoja na simu."

"Mafundi wengi huiamini swichi."

"Si hilo peke yake." Alijifuta uso. "Duka la Ndassa ndiyo nyumba ya kwanza kaka yangu kufunga umeme. Alikuwa akinionyesha kila tukipita. Anasema, pale ndipo nilipoanzia."

Mwalimu Minani akaelewa. Kumwondolea yule mama mzee lawama kulikuwa kunamaanisha kuiweka mahali pengine, na mahali penyewe palikuwa kaburini.

"Hulazimiki kusema yote," alimwambia.

"Wataniuliza," Yuster alijibu. "Kaka Nyanda ataniuliza."

Walisafiri Jumamosi kwa lori la ndizi, ubao umezungushiwa blanketi na kufungwa kamba kati ya mikungu. Mwalimu Minani alikuja naye, maana hakutaka ubao ule uwashwe mbele ya watu bila yeye kuwepo. Walipita Benako, wakakata Lusahunga, na jua lilikuwa bado juu waliposhuka. Mwalimu alipewa malazi kwa katekista, Yuster akaenda kwa Rozina.

Alimkuta wifi yake uani, anakata viazi vya kukausha michembe. Akaketi, akachukua kisu, akamsaidia. Watoto walikuwa wakicheza karibu na zizi. Yuster alimweleza kila kitu kwa sauti ndogo, pamoja na sehemu ya mwisho. Kisha akasema, "Wewe ndiye mke wake. Ukiniambia ninyamaze, nitalinyamazia hilo. Nitaonyesha taa tu."

Rozina aliendelea kukata. Kipande, kipande.

"Tangu afe," alisema, "binti yangu akimwona yule bibi ng'ambo ya bonde anakimbilia ndani. Usiku anaota. Ananiuliza kama atatuua na sisi." Alikiweka kisu chini. "Mume wangu alikuwa fundi mzuri. Mtu hazaliwi fundi. Kama alikosea alipokuwa anaanza, alikosea. Sitaki watoto wangu wakue wakiogopa mtu ambaye hakufanya kitu. Sema."

Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika mbele ya duka la Ndassa. Nyanda aliruhusu kikao kwa shingo upande. Alisema mgeni aliyetoka Ngara hawezi kurudishwa bila kusikilizwa. Alikaa mbele kwenye kiti, fimbo yake imelala magotini, na shangazi Secilia pembeni yake. Ernesta hakuitwa. Lakini Yuster alipokuwa anafunua blanketi alimwona, amesimama mbali, karibu na ukuta wa mashine ya kusaga, peke yake.

Waliuegemeza ubao ukutani, wakauunganisha na soketi ya duka. Mwalimu Minani akakagua kila kitu, akawasha breka, akarudi nyuma.

"Kaka," Yuster alisema, "naomba uwashe taa hii."

Nyanda aliinuka, akabonyeza swichi. Taa ikawaka.

"Sasa zima."

Akazima.

"Umeme upo kwenye taa, au haupo?"

"Haupo. Kila mtu anaona."

Yuster akampa testa. Akamwonyesha mahali pa kuweka kidole na mahali pa kugusa kwa ncha. Nyanda, mtu wa kushika mafahali kwa pembe, alisita. Akaigusisha. Kitaa kikawaka ndani ya mpini, na kwa kuwa kivuli cha baraza la duka kilikuwa kizito, waliokaa mbele wote walikiona.

Nyanda aliitoa, akairudisha, kama Yuster alivyofanya siku ile karakana.

Mwalimu akazima breka, Yuster akageuza ubao, akafungua kibao cha nyuma, akawaonyesha. Alieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Umeme huja kwa waya wa moto, hupita kwenye taa, hurudi kwa nyutro. Swichi hutakiwa kuukatia njia kabla haujafika kwenye taa. Ikifungwa upande wa kurudi, taa huzimika, lakini moto umeshafika na unangoja pale. Atakayegusa akiwa ameshika chuma, utapita mwilini mwake.

"Sawa," Nyanda alisema hatimaye. "Umeme umemuua, nimeona. Lakini nani aliupeleka kwake? Kwa nini yeye, na kwa nini baada ya maneno yale?"

"Haukupelekwa kwake, kaka. Ulikuwa pale siku zote. Kama Ndassa angepanda kufuta utando wa buibui, leo tungekuwa kwenye matanga ya Ndassa."

Ndassa aliinamisha kichwa.

"Na nani alifunga umeme wa duka hili hivyo?" Nyanda aliuliza. Alikuwa hajui, miaka ile alikuwa mbali akichunga ng'ombe. "Huyo ndiye mwenye damu ya ndugu yetu."

Yuster alimtazama Rozina. Rozina alikuwa ametazama chini, lakini alitikisa kichwa kukubali.

"Ni Mhoja," Yuster alisema. "Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Baadaye alijifunza, lakini hii hakuirudia."

Ndassa alisema, bila kuulizwa, "Ni kweli. Ni yeye."

Nyanda alisimama akiwa bado na testa mkononi. "Umekuja kutoka Ngara kumzika kaka yako mara ya pili," alimwambia Yuster, pole pole, bila kupaza sauti. Akaiweka testa juu ya kiti, akaokota fimbo yake, akaondoka. Shangazi Secilia akamfuata. Watu wengine wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Wapo waliokuja kugusa ubao na kuuliza habari za nyumba zao. Wapo walioondoka wakinong'ona kwamba wasomi wana maneno mengi.

Baraza lilipobaki tupu, Ernesta alivuka barabara. Alikuwa mdogo kuliko Yuster alivyomkumbuka, na miguu yake ilikuwa na vumbi la bondeni.

"Shikamoo, bibi," Yuster alisema. Hakuna mtu aliyekuwa amemwamkia tangu kikao cha nzengo.

"Marahaba, mwanangu." Alitazama ubao. "Sikuona vizuri kule. Rudia."

Mwalimu akawasha breka, Yuster akarudia. Akawasha, akazima, akagusa kwa testa. Kitaa kikawaka.

"Tena," Ernesta alisema.

Akarudia tena.

Yule mama alishika kingo za fremu kwa mikono miwili. "Nilisema Mungu atamlipa," alisema. "Nilisema, sikatai. Nilitaka mihogo yangu. Sikumtakia kufa. Lakini alipokufa na wao wakasema ni mimi, nilianza kujiuliza. Nilikuwa nakaa na kinywa changu hiki usiku, nasema, labda kweli. Labda mtu anaweza kuua bila kujua." Akautazama tena ubao. "Kwa hiyo si kinywa changu."

"Si kinywa chako, bibi. Ni waya."

Ernesta aliitikia kwa kichwa mara nyingi, machozi yakimtoka bila sauti. Mwalimu Minani aligeukia upande mwingine, akawa anakunja blanketi ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Asubuhi, Yuster na mwalimu walikuwa kwa Rozina, wanajiandaa kutafuta usafiri wa kurudi, Nyanda alipofika. Alikuwa amevaa koti lake la kikao. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakukaa.

"Nyumba nyingine alizofunga wakati ule," alimuuliza Yuster, "unazijua?"

"Baadhi."

"Nyingine nitaulizia mimi. Twende."

Walikwenda pamoja, watatu, kutwa nzima na kesho yake. Nyanda alitangulia kubisha hodi, akaeleza kwa wenye nyumba habari ya ndugu yake, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake: kwamba Mhoja alikosea akiwa anaanza, na kwamba wamekuja kuangalia. Katika kila nyumba aliisema upya. Yuster alikuwa akipima, mwalimu akisimama karibu. Nyumba nyingi zilikuwa salama. Kwa mama mmoja, Anjelika, katika chumba cha kulala watoto, walizima swichi na testa ikawaka. Walizima umeme wote wa nyumba, wakapima tena kuhakikisha, kisha Yuster akapanda kubadilisha waya, Nyanda akimshikia ngazi kwa mikono yote miwili na uso ameuelekeza juu.

Siku ya kunyoa, Nyanda aliwaambia watu wa nzengo kwamba jambo la Ernesta limekwisha na asiguswe. Hakueleza zaidi. Shangazi Secilia hakukubali, na hadi leo akikutana na yule mama njiani hupita upande wa pili. Wapo wengine kama yeye. Lakini Ernesta anachota maji pamoja na watu, na msimu ule mvua zilipoanza, Nyanda alimpelekea vipando vya mihogo vya mbegu mpya, akavishusha mlangoni, wakakaa wote wawili kwenye kibaraza bila kuzungumza sana hadi mvua ilipokatika.